Chuo cha Akiba

Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, steshenari za Chumbageni, mjini Tanga, hujaa tangu asubuhi. Kijana husimama nyuma ya kompyuta na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, simu mkononi, akingoja namba ya malipo. Mzazi amekaa kwenye benchi nje, anahesabu. Maombi ya chuo kimoja kwa kawaida hugharimu shilingi 10,000, na anayeomba vyuo vitatu hulipa mara tatu. Jina la chuo cha kwanza hutoka mdomoni bila kufikiri, na mara nyingi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. La pili huja baada ya mashauriano kidogo. La tatu huandikwa ili kazi iishe na watu warudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

Makala haya yanahusu jina hilo la tatu.

Uingereza jambo hili lina utaratibu rasmi. Mwombaji hutuma maombi kupitia chombo kimoja, UCAS, akiwa na machaguo matano. Majibu yakirudi, hushika chuo kimoja anachokitaka zaidi, na akipenda hushika cha pili kiwe bima: kile ambacho masharti yake anaamini atayatimiza hata mtihani ukimwendea vibaya. Marekani nako mwanafunzi hupanga orodha yake kwa ngazi, juu vyuo vya kutamani, chini vyuo ambavyo hana shaka vitampokea. Kwetu jambo lipo ila jina halipo. Hapa tutaliita chuo cha akiba, kwa sababu kila mama wa Tanga anajua maana ya kuweka akiba: anatenga kitu kizima, kinachofaa, cha kutumiwa siku ngumu ikifika. Kilichobaki baada ya kula hakiitwi akiba.

Anayehitaji akiba hiyo kuliko wengine ni mwanafunzi wa sanaa: wa tahasusi za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) na ndugu zake. Sababu zake ni nyingi, na ya kwanza imejificha ndani ya karatasi ya matokeo yenyewe.

Tuchukue karatasi mbili za mfano, za wanafunzi wawili wa HKL. Wa kwanza amepata C ya Kiswahili, E ya Historia na S ya Kiingereza. Wa pili amepata D ya Kiswahili, E ya Historia na E ya Kiingereza. Baraza la Mitihani likijumlisha kwa hesabu yake, ambayo A ni 1, C ni 3, D ni 4, E ni 5 na S ni 6, wote wawili wanatoka na pointi 14, yaani daraja la tatu. Mtaani watapongezwa sawasawa. Wa pili huenda akasifiwa zaidi, maana hana S hata moja.

Sasa karatasi hizohizo ziende kwenye udahili wa vyuo vikuu. Huko hesabu inageuka. A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu. Sharti la chini la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi kuanzia alama E, na jumla ya masomo hayo mawili isipungue 4.0. Wa kwanza ana C na E: tatu na moja, nne. Ameingia. Wa pili ana D na E: mbili na moja, tatu. Hana sifa ya kuanza shahada mwaka huo kwa kutumia cheti hicho peke yake, ingawa amefaulu masomo yote matatu na ana daraja lilelile la mwenzake.

Ukweli huu unapaswa kujulikana nyumbani kabla ya mwezi Julai, kwani familia nyingi hupanga vyuo kwa kutazama daraja. Daraja halimdahili mtu. Anayedahiliwa ni yule ambaye masomo yake mawili yanakubalika kwenye programu husika na yamefikia pointi zilizotakiwa. Somo la General Studies halimo katika hesabu hiyo. Baadhi ya programu huandika wazi kwamba somo la dini nalo halihesabiwi, jambo linalowagusa vijana wa Tanga waliochukua Maarifa ya Uislamu au Divinity miongoni mwa masomo yao.

Yote hayo yameandikwa mahali pamoja. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na kinapakuliwa bure kwenye tovuti yake. Ndani yake kila chuo kina jedwali, na kila programu ina mstari wake: jina la programu, masomo yanayotakiwa, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Vijana wengi husoma jina la programu na kuishia hapo. Anayetafuta chuo cha akiba asome mstari mzima.

Safu ya masomo ndiyo huwaangusha watu wa sanaa mara nyingi zaidi. Anayetaka shahada ya fasihi ya Kiingereza hutakiwa awe amefaulu Kiingereza. Yule mwenye S ya Kiingereza hata kama ana pointi nne mlango huo umefungwa kwake. Mwanafunzi wa HGL hana Kiswahili cha Kidato cha Sita, kwa hiyo programu nyingi za Kiswahili si zake, ingawa nyumbani wanazungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha darasani. Katika shahada za ualimu wa sanaa mwanafunzi huingia na masomo mawili ya kufundishia, hivyo yote mawili yanatakiwa yawe yamefaulu vizuri. Programu inayomkubali mwenzake wa dawati moja inaweza kumkataa yeye, na hakuna aliyekosea isipokuwa yule ambaye hakusoma safu hiyo.

Safu ya nafasi inasema jambo jingine. Programu yenye nafasi chache na waombaji wengi haiwi akiba ya mtu hata kama sharti lake ni 4.0. Pointi za chini zinampa mtu ruhusa ya kuomba tu. Mwenye pointi nne akiomba sheria katika chuo kikubwa cha umma anasimama foleni moja na wenye nane, tisa na kumi, nao watachukuliwa kwanza. Chuo cha akiba ni kile ambacho pointi za mwombaji zimezidi sharti kwa kiasi cha kuonekana, kwenye programu yenye nafasi za kutosha.

Ndiyo maana kosa la kawaida kuliko yote ni kuomba sheria katika vyuo vitatu na kudhani umejikinga. Hapo majina ni matatu, lakini bahati inayochezwa ni moja.

Utaratibu wa kuomba nao umebadilika. Kabla ya 2010 kila chuo kilidahili chenyewe. Mwaka huo TCU ikaleta mfumo wa pamoja: mwombaji alipanga programu za vyuo mbalimbali kwenye orodha moja, na mfumo ukampangia. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 maombi yakarudi vyuoni moja kwa moja. Mwanafunzi akapata uhuru wa kuchagua, lakini kazi ya kupanga ngazi za orodha, ambayo mfumo ulimlazimisha kuifanya, sasa ni yake mwenyewe, na kila chaguo lina malipo yake. Kenya wamebaki na chombo kimoja cha kupanga wanafunzi, KUCCPS, na kijana wa Mombasa mwenye C+ hupanga machaguo yake humo kwa mkupuo. Wa Chumbageni hujenga ngazi yake mwenyewe, ubao kwa ubao.

Tanga ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa moyo. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kando ya mji huu, akaishi kwa ukarani serikalini huku akiandika. Hakuwa na chuo kikuu cha kuomba. Kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu hapa Afrika Mashariki alitazama Makerere, Uganda, na akikosa huko njia nyingine zilikuwa chache. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kabla chuo hicho hakijatimiza mwaka. Leo vitabu vyake vinasomwa na wanafunzi wa shahada ambao wana vyuo vingi vya kuchagua, na bado wapo wanaobaki nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya jina la tatu lililoandikwa kwa kubahatisha.

Vyuo vya kupangia ngazi vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Chuo hichohicho kina ndaki mbili za ualimu zilizoanzishwa mwaka 2005, DUCE Dar es Salaam na MUCE Iringa, na wengi husahau kwamba hizo nazo ni milango ya chuo kilekile. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina ndaki kubwa ya sanaa na sayansi za jamii. SUZA ya Zanzibar imebeba urithi wa TAKILUKI, taasisi ya lugha iliyofunguliwa mwaka 1979, na kwa mtu wa Tanga Zanzibar si ugenini: kuna boti ya Pemba, na lafudhi haimshangazi mtu. Vipo pia vyuo vya mashirika ya dini, kama SAUT Mwanza, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Tumaini Makumira karibu na Arusha na Mtakatifu Yohana Dodoma. Kwa mpenda Kiswahili mwenye pointi za kati, Dar es Salaam inaweza kuwa tamaa, Dodoma saizi yake, na SUZA au chuo cha dini akiba. Kwa mwingine mpangilio utageuka kabisa.

Lakini kudahiliwa ni nusu ya habari. Tanzania mwanafunzi anaweza kupata chuo na asiende, kwa kukosa fedha.

Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi yake kwa mfumo wake, kwa ada yake ya shilingi 30,000, na kwa tarehe zake, ambazo wakati mwingine huanza hata kabla matokeo hayajatoka. Kudahiliwa hakumpi mtu mkopo. Miongozo ya Bodi imekuwa ikitanguliza afya, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati, huku sanaa, lugha na sheria zikiwa nyuma katika vipaumbele. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, ulilengwa kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Kwa hiyo mwanafunzi wa HKL mwenye uhitaji anaweza kupata mkopo mzima, nusu, au akakosa, na atajua hivyo baada ya kuwa amekwisha kuthibitisha chuo.

Hapo akiba inapimwa upya. Ada ya mwaka ya masomo ya sanaa katika vyuo vya umma imekuwa ikizunguka kati ya milioni 1 na milioni 1 na nusu. Gharama kubwa zaidi ni kuishi. Serikali yenyewe, ilipopandisha fedha ya chakula na malazi ya wanufaika wa mkopo kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, ilitoa kipimo kinachosaidia: mwezi mmoja ni laki tatu. Mzazi anayeuza samaki Deep Sea au mwenye genge Ngamiani anaweza kuzidisha mwenyewe. Chuo kilichomkubali mtoto, kilicho Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tanga, na ambacho familia haiwezi kukilipia muhula wa kwanza bila mkopo, kimeandikwa tu kwenye orodha. Hakijawa akiba. Mwenye ndugu Morogoro au Unguja aliye tayari kumpa kijana kitanda huenda ana akiba bora kuliko mwenye pointi nyingi.

Kwa wengine akiba ya kweli iko mjini hapahapa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Tanga. Mwanafunzi husoma akiwa nyumbani, akifanya kazi yake. Kinadai nidhamu kubwa, kwani hakuna kengele wala mwenzako wa chumbani wa kukuamsha, na kijana wa miaka 19 aliyezoea bweni anaweza kuzama. Hata hivyo kukidharau ni makosa. Chuo hicho pia kina programu ya msingi kwa wale waliokosa pointi nne, kama yule mwanafunzi wetu wa pili mwenye D, E, E: akiipita kwa wastani wa 3.0 na kutimiza masharti mengine, mlango wa shahada unafunguka. Njia nyingine ni stashahada, chini ya baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), ambayo nayo kwa wastani wa 3.0 humfikisha chuo kikuu, akiwa amechelewa miaka miwili lakini ana ujuzi mkononi.

Kuna dhana moja inayostahili kupingwa waziwazi: kwamba ualimu wa sanaa ndiyo akiba ya kila mtu wa sanaa. Zamani ilikuwa kweli. Aliyemaliza alipangiwa shule. Siku hizi walimu wa Historia na Kiswahili wanaosubiri ajira ni wengi, na tangu 2024 wanaoomba nafasi serikalini hupitia usaili kama watumishi wengine. Anayeupenda ualimu aende, tena kwa kifua mbele. Anayeuingia kwa kuwa ameambiwa ni salama amekosea maana ya usalama, atakaa miaka mitatu au minne akijifunza kazi asiyoitaka, kisha aingie kwenye foleni ndefu.

Mpenda Historia, kwa mfano, aangalie akiolojia na usimamizi wa urithi. Ni fani ambazo vijana wachache huzikimbilia, kwa sababu hawajui mtu aliyezisoma. Mtoto wa Tanga amezaliwa katikati ya vitendea kazi vyake: magofu ya Tongoni yenye msikiti wa kale na makaburi yake, mapango ya Amboni, mji wa Pangani, makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani mjini. Mpenda Kiswahili naye ana soko ambalo kaka zake hawakulikuta. SADC iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2019, UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Hayo yanahitaji wafasiri, wakalimani na walimu wa wageni. Ajira haziji zenyewe kwa sababu ya azimio, ila shahada ya Kiswahili ya SUZA au Dodoma inayofuatana na Kifaransa au Kiarabu kizuri ni kitu kizima.

Jambo moja ni la kuangaliwa kabla ya kulipa hata senti. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22. Vyuo vyepesi kuingia huwa ndivyo vinavyoombwa kwa ajili ya akiba, na wanaofuata wepesi peke yake wanaweza kuangukia penye matatizo. Kitabu cha mwongozo cha mwaka huohuo ndicho shahidi: programu isiyokuwamo isiombwe, hata kama kuna bango kubwa barabarani na wakala anayepiga simu kila jioni.

Baada ya maombi inabaki hatua moja, nayo imewaponza hata waliopanga vizuri. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Muda ukipita, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Na kwa kuwa baadhi ya wahitimu wakati huo huwa bado wako makambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mara nyingi simu iliyoandikwa kwenye fomu iko nyumbani, kwenye droo, haina chaji. Awamu ya pili na ya tatu zipo, lakini huko hugawiwa nafasi zilizobaki.

Basi wewe mzazi wa Chumbageni mwenye kijana Kidato cha Sita, usingoje matokeo. Kitabu cha mwaka uliopita kipo kwenye tovuti ya TCU hata leo. Keti na mwanao jioni moja, tafuteni kwanza programu moja ambayo hata akipata D mbili ataingia, ambayo mnaweza kulipia muhula wa kwanza bila mkopo, na ambayo yeye mwenyewe anakubali kuisoma hadi mwisho. Iandikeni. Kisha ndipo mwandike Dar es Salaam.